Siku Tuliyopeleka Maji Ziwani

Iko siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, na leo umenirudisha huko wewe mwenyewe kwa debe hilo ulilotua mlangoni. Marahaba. Lisogeze kivulini, usimwage maji yake. Nimekwisha kuona ulichomletea bibi yako: perege wa Litanda, wazima, wanapigapiga mikia. Ahsante, Mungu akuzidishie. Lakini yule jike aliyejibanza pembeni, mwenye kidevu kilichovimba, usimguse. Kaa kitako kwanza. Najua wenzako wanakungoja, na mimi nikianza kusimulia huwa nakwenda mwendo wa kobe, ila leo utanivumilia.

Ilikuwa zamani za Wadachi, baada ya vita vya maji. Nilikuwa mwanamke kijana, nimetoka unyago si muda mrefu, nina mume na mtoto mmoja wa kike anayenyonya. Tulikaa hapahapa juu, ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo nchi ya Newala inakatika ghafla na kuteremka mpaka bonde la Ruvuma. Umezaliwa hapa, unaijua taabu yetu: ardhi ya huku juu inameza mvua yote, haibakizi hata dimbwi. Maji yako chini. Mwanamke wa huku anateremka genge na mtungi mtupu tangu akiwa msichana, anapanda nao umejaa, na anaendelea hivyo mpaka mgongo ukatae.

Walipita watu na maji yao ya dawa, wakasema ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi itageuka maji mwilini mwako. Wako waliowaamini, na wako waliokimbilia vichakani kujificha. Askari walipokuja hawakuuliza nani aliamini na nani alikimbia. Walichoma maghala, wakachoma mtama na mahindi, mpaka mbegu iliyotundikwa darini juu ya moshi. Babu yako wakamfunga kamba, wakamfanya mpagazi, akaenda na mizigo yao nisijue wapi. Nikabaki na mtoto mgongoni, na mjomba wangu Saidi ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji wetu.

Tukala ming'oko, ile mizizi ya porini. Nyinyi leo mnaila kwa hamu, mnaichemsha na chumvi huku mnacheka. Sisi tuliichimba mpaka vichaka vikaisha, tukaanza kuchimba mizizi ambayo hata nguruwe anaipita. Ndipo watu wakalikumbuka Litanda, ziwa letu la bondeni.

Litanda lilikuwa na mwiko wake. Utupa, yale majani tunayotwanga kulevya samaki, uliruhusiwa katika vidimbwi vya kiangazi tu, tena mpaka wazee waseme. Ziwani ilikuwa mtego wa mgono na ndoana, basi. Lakini mwaka ule nani angemzuia nani? Walikuja watu kutoka Makote, wakaja wengine kutoka upande wa Masasi, wengine sikuwajua hata kwa sura, wakatwanga utupa mwingi usiosemekana, wakaumwaga. Maji yalikuwa yamepungua kwa ukame, basi dawa ikafika kila pembe. Samaki wakaelea, wakubwa kwa wadogo, mpaka wale wenye ukubwa wa ukucha. Tulikula tukashiba, na mimi nilikula, nisikudanganye. Kisha hakukuwa na kitu tena. Mdiria, wale ndege wavuvi, wakaondoka. Furukombe, ndege tuliyezoea kumsikia akilia asubuhi, naye akahama. Nilisimama ukingoni nikatazama maji matupu, nikaogopa kuliko nilivyoogopa bunduki.

Sasa nikuambie habari ya kisima cha Biti Mfaume. Biti Mfaume alikuwa dada wa bibi yangu, mwanamke mfupi, mkali, mwenye chipini puani na sauti ya kuita mbuzi waliopotea. Ndiye aliyetunza kisima cha ukoo wetu chini ya genge. Na katika kisima kile, kama katika visima vingi enzi hizo, mlikuwa na samaki. Walikuwa perege wachache, waliotolewa Litanda na bibi zake, wakatiwa humo. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu na kutuonyesha kwamba maji ni salama. Samaki akiwa mzima, unachota. Akielea, unarudi nyumbani na mtungi wako mtupu. Mwali akitoka unyago aliletwa kisimani kuonyeshwa samaki kabla hajatia kata yake majini. Tuliwaita wenye kisima, na hakuna aliyewahi kuwala.

Mwaka ule tukafika hata hapo. Mjomba Saidi aliteremka na kitunga mkononi, na sisi wanawake tukiwa pale tunachota.

"Shikamoo, mama," akamwambia Biti Mfaume.

"Marahaba. Kitunga cha nini?"

"Watoto wanavimba miguu, mama. Unaona mwenyewe. Hawa samaki wanatufaa nini humo ndani?"

Biti Mfaume hakumpigia kelele, na hilo lilitushangaza sote. Alikaa ukingoni mwa kisima akamwambia, "Saidi, mbegu ya mtama wameichoma. Mbegu ya mahindi wameichoma. Hii hawakuiona. Nipe mpaka mvua, nitalirudishia Litanda watoto wake. Ukiwala leo, kesho mtarudi hapa kuniuliza mle nini, nami nitakuwa sina jibu."

Mjomba alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa na tumbo kama sisi. Akauliza kwa nini tusichukue kambare wa Ruvuma, ambao hawashindwi na kitu, tukawatia ziwani. Bibi akatikisa kichwa. Kambare angekula kila kitoto atakachokutana nacho, alisema, na Litanda lina wenyewe, na wenyewe ndio hawa. Mjomba akakiweka kitunga chini. "Mpaka mvua," akasema. Aliyasema hayo akimtazama mwanangu mgongoni mwangu, na mimi nikajua ni nani anayeweza kuondoka kabla mvua hazijafika.

Tukachimba bwawa, dogo tu, pale maji ya kisima yanapovujia. Tukalipaka udongo wa mfinyanzi, tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukashika, tukaliziba juu kwa matete ili ndege wasilione. Tukawahamishia samaki humo, tukabakiza wawili kisimani walinde maji. Chakula chao kilikuwa mchwa. Hebu fikiri: watoto wenye njaa wanabomoa vichuguu, wanajaza mchwa vifuuni, wanakuja kuwamwagia samaki! Wengi walikula nusu njiani, na Bibi alijifanya haoni.

Ajabu ya kwanza ilikuwa ile ya visahani. Tulikuja asubuhi tukakuta sakafu ya bwawa imechimbwa mashimo ya mviringo, laini, kama aliyeingia humo ni mfinyanzi. Walikuwa madume. Walikuwa wamegeuka rangi, wamekuwa weusi, na kila mmoja alichimba kwa kinywa chake na kulinda alichochimba. Nani aliwafundisha? Nilikaa pale nikasahau hata mtungi wangu. Mpaka siku ile nilikuwa sijamtazama samaki isipokuwa chunguni.

Baadaye jike mmoja akaacha kula. Kidevu chake kikavimba, na tukimmwagia mchwa anageuka anakwenda zake. Tukadhani anaumwa. Akakonda, mpaka kichwa kikawa kikubwa kuliko mwili. Halafu mchana mmoja, nikiwa mimi ndiye mlinzi wa bwawa, nikaona mbele yake kundi la vitu vidogo mno, vyembamba, vyote vina macho. Watoto! Nikataka kupiga vigelegele. Nikainama niwaone vizuri, kivuli changu kikaanguka majini, na yule mama akafungua kinywa. Wale watoto wakamiminikia humo wote, mara moja. Akafunga kinywa.

"Anawala!" nikapiga kelele. "Jamani, anakula wanawe!"

Mjomba Saidi alikuwa karibu, anachonga mpini wa jembe. Akaja mbio na kitunga chake akamzoa. Wala sikumzuia. Nilishikwa na hasira nisiyoijua, mimi niliyekuwa nikimwona mwanangu anakwisha mikononi, halafu namwona mama huyu anameza wake.

"Huyu leo anakwenda chunguni," mjomba akasema, "tena kwa haki."

Biti Mfaume akafika akihema, akamnyang'anya. Alimshika yule samaki kwa viganja viwili, akamtumbukiza ndani ya mtungi uliojaa maji, kichwa chini, akamtikisa taratibu. Kinywa kikafunguka, wakatoka. Wakatoka, mwanangu, wakatoka na kutoka, mpaka maji ya mtungi yakajaa macho. Wazima wote. Hakuna hata mmoja aliyeguswa na jino.

Mjomba alikodoa macho ndani ya mtungi, kitunga kikamponyoka. Bibi hakuhangaika naye, akanigeukia mimi.

"Umemwona mama mwenzio amefunga kula ili watoto wapate pa kukaa," akasema, "ukamwita mla watoto. Chakula tulimletea mpaka puani. Hakula kwa sababu kinywa kimejaa. Siku nyingine, kabla hujapiga kelele, tazama mpaka uone mwisho wa jambo."

Nililia. Sikulia kwa kukaripiwa. Biti Mfaume alimkaripia kila mtu, tulizoea. Nililia kwa sababu nilikuwa sijui kwamba dunia ina kitu kama kile, na kilikuwa ndani ya maji niliyokuwa nikichota siku zote za maisha yangu. Ningekufa bila kukiona.

Tukamrudisha bwawani na watoto wake. Akakaa bila kutikisika, tukaogopa kwamba tumemuua. Halafu wale watoto wakamkusanyikia usoni, akafungua kinywa, wakaingia tena. Mjomba Saidi alikichukua kitunga chake akapanda nacho nyumbani, na hakukileta tena bwawani.

Lakini mvua zilichelewa. Zainabu wangu akaacha kulia, na mama yeyote anajua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Nikamwendea Biti Mfaume mchana, mbele ya watu, nikamwambia, "Bibi, mwanangu anakwisha." Sikuomba samaki. Nilishindwa kulitamka neno lenyewe.

Alinitazama muda mrefu. Akakunja kaniki yake, akaingia bwawani mpaka magotini, akasimama kimya anawatazama mmoja mmoja. Majike akawaacha wapite katikati ya miguu yake. Mwishoni akainama, akaibuka na dume mmoja mkubwa, mweusi.

"Huyu kazi yake amekwisha kuifanya, na wako madume wengine," akasema. "Kula si mwiko, mjukuu wangu. Mwiko ni kula bila kutazama. Kamchemshie supu mtoto."

Alichagua hivyo tena kwa ajili ya watoto wengine, kila mara dume, na kila mara akisimama kwanza kutazama. Zainabu aliinywa supu ile kutoka kwenye ncha ya kidole changu. Kesho yake akalia, akapiga makelele ya kukera mji mzima, na mimi nikacheka kwa furaha mpaka watu wakadhani njaa imenipanda kichwani.

Mvua zikaja. Watoto wa bwawani walikuwa wamefikia urefu wa kidole, na majike kadhaa, yule wa kwanza akiwamo, walikuwa tena na vinywa vilivyojaa. Tukawagawa mitungini, tukafunika juu kwa majani mabichi maji yasirukeruke, tukaweka ngata vichwani, tukajitwika na kushika njia ya Litanda, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kisimani. Tukiwa njiani nikatambua jambo, nikaanza kucheka. Nikawaambia wenzangu, jamani, maisha yetu yote tumepanda na maji. Leo tunateremka nayo, tena tunayapeleka ziwani! Wote wakaangua kicheko. Tangu vita hatukuwa tumecheka namna ile.

Kicheko kilikatikia njia panda. Askari walikuwa wamekaa hapo, na mkubwa wao akanyanyuka na bunduki.

"Simameni! Mmebeba nini?"

"Maji, bwana," akasema Biti Mfaume.

"Mmeyatoa wapi?"

"Kisimani."

"Mnayapeleka wapi?"

"Ziwani."

Nikaona uso wake unabadilika. Hatukuwa tumefikiri, mwanangu. Akili zetu zote zilikuwa kwa samaki. Nani anapeleka maji ziwani, katika nchi ambayo watu wamenyongwa kwa sababu ya maji ya dawa? Tena wanawake wamejipanga, mitungi imefunikwa majani! Hata mimi ningekuwa askari nisingetuamini.

"Dawa hiyo," akasema. "Mwageni chini."

Hakuna aliyemwaga. Sijui ushupavu ule tuliupata wapi. Askari mwingine akaielekeza bunduki yake kwetu, na Zainabu alikuwa mgongoni mwangu, nikahisi moyo wake unapiga kwenye uti wangu wa mgongo. Biti Mfaume akautua mtungi wake taratibu, akaondoa majani.

"Bwana, mimi ni mzee, nipige ukitaka," akasema. "Lakini kwanza tazama. Tazama mpaka mwisho."

Yule mkubwa wa askari hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa na chale mashavuni, na Kiswahili chake kilikuwa cha mbali. Akainama juu ya mtungi. Yule jike alikuwamo, na watoto wake wadogo wametawanyika majini. Kivuli cha askari kikawafunika. Jike akafungua kinywa, wakaingia.

Akabaki ameinama. Akainuka, watoto wakatoka. Akanyoosha mkono juu ya maji, wakaingia tena. Bunduki ilikuwa inateleza begani na yeye hana habari.

"Subhanallah," akasema kwa sauti ndogo.

Akawaita wenzake. Wakaja, wakauzunguka mtungi wa bibi kizee, watu walewale waliotuchomea maghala, wanasukumana waone, na hakuna aliyefanya mzaha. Mkubwa wao akamwuliza Bibi, "Na mwenyewe anakula nini?"

"Hali, bwana. Mpaka hao wawe wakubwa."

Yule mtu akamtazama Zainabu mgongoni mwangu, miguu ya mtoto imekuwa kama vijiti. Sijui alimkumbuka nani wa kwao. Akapisha njia, akawaashiria na wenzake wapishe.

Tulipofika Litanda hatukumwaga. Biti Mfaume alituingiza majini, tukaizamisha mitungi polepole, tukayaacha maji ya ziwa yaingie kidogo kidogo ili samaki wasishtuke, na wao wakatoka wenyewe kwa wakati wao. Alimtoa yule jike mwisho. Alisimama pale maji yakiwa kifuani, anamtazama akienda, mpaka tukaanza kuona baridi. Wazee wa pande zote wakakubaliana utupa usiingie tena ziwani, na misimu ikapita kabla mtu hajatega mgono. Babu yako aliporudi kutoka upagazini alikuta kitoweo nyumbani. Na asubuhi niliyomsikia furukombe analia tena bondeni nilikuwa katikati ya genge na mtungi kichwani. Nilitua mzigo nikakaa chini kumsikiliza.

Sasa nasaha yangu nitaisema waziwazi, usije ukasema bibi alizunguka tu. Kula samaki wa Litanda. Ni wako, tuliwarudisha kwa ajili yako. Lakini kabla hujala, tazama. Ukimtoa jike mwenye kidevu kilichojaa, mrudishe, hata kama una njaa, hata kama wenzako wanakucheka. Chukua dume. Na kitu chenu kikipungua mpaka kikaingia chote ndani ya kisima, msikimalize kwa kuwa kimekuwa kidogo. Hapo ndipo kinapotaka kulindwa. Na ukimwona mtu amefunga kinywa, hali, hasemi, anakonda, usikimbilie kumpa jina baya. Huenda kuna anaowabeba.

Unajua kwa nini mama yako hagusi perege jike mpaka leo? Unadhani ni mwiko wa mganga. Zainabu hana mganga. Ana habari hii, nilimpa alipokuwa na mimba yako.

Hebu lisogelee debe. Usitie mkono, pitisha kivuli chako tu. Umeona? Ehe! Funga na wewe kinywa, nzi wataingia.

Basi jitwike. Ukifika, lizamishe debe polepole, usimwage. Watakaokuona njiani watakuuliza unapeleka wapi maji. Waambie unayapeleka ziwani, wacheke wapendavyo. Mungu akupe macho yanayongoja kuona mwisho wa jambo, akulinde mbele ya kila aliyeshika bunduki, na wanao na wana wa wanao walikute Litanda na wenyewe wake. Haya, teremka, mwanangu. Jua lisimkute huyo mama njiani.